Mapacha Niliowazaa kwa Maiki

Habari hii inanionyesha mimi mjinga, nawaambia mapema msije mkapoteza nguvu kunitetea. Mke wangu alishanishauri nikiisimulia nibadilishe jina, niseme ni ya rafiki yangu. Nikamwambia haisaidii, Nyamahanga nzima inajua ni mimi, na wengine bado wananipigia honi nikipita.

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na mbili na meno yote mdomoni, lakini kazi ikifa kabla yako, wewe ni mstaafu, hata kama kiinua mgongo chenyewe ni kikohozi. Miaka tisa nilitafsiri filamu kwenye kibanda umiza, pale Nyamahanga, wilaya ya Biharamulo. Kama hujawahi kuingia kibanda umiza, ni chumba cha bati chenye benchi ngumu, pazia jeusi dirishani, runinga mbele, na pembeni mtu mmoja ameshika maiki anawaambia watu wanaongea nini hao Wazungu. Huyo mtu ndo mimi. Dijei Deo. Simu za kupangusa zilipoingia, kila mtu akawa na kibanda umiza chake mfukoni, nikarudi kwetu Keza, Ngara. Sasa hivi nina pikipiki na shamba la maharage, na sidai mtu kitu. Nalala vizuri.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaotafsiri filamu kwa simu, mnaweka sauti zenu mnarusha mtandaoni. Nawasikiliza. Wengine mko vizuri. Wengine mnanikumbusha mimi, na hao ndo wanaonitia wasiwasi.

Kwanza siri ya kazi: mimi Kiingereza sikijui. Nimeishia darasa la saba. Kiingereza changu kilifika kwenye kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na hata hapo mwalimu alikuwa anaangalia nilivyobana miguu ndo anaelewa. Sasa utauliza, nilitafsirije miaka tisa? Nilifundishwa na bingwa, bro Zakayo, aliyekuwa anatafsiri Biharamulo mjini, nyuma ya soko. Yeye naye alikuwa hajui. Alinikalisha siku ya kwanza akaniambia, "Deo, usitafsiri mdomo. Tafsiri macho."

"Macho yanasemaje, bro?"

"Mtu akiongea anaangalia dirishani, anamkumbuka mama yake. Wawili wakiongea muda mrefu wamenuna, ni mpaka wa shamba. Wakiongea muda mrefu wanacheka, subiri, kuna mmoja atakufa."

Na kweli, anakufa! Mara tisa kati ya kumi Zakayo alikuwa sahihi. Akanifundisha na mengine. Usinywe soda kabla ya kazi. Nilimdharau, nikabeua kwenye maiki wakati stelingi wa filamu anazika mtoto wake, ukumbi wote ukacheka msibani. Kunywa maji ya vuguvugu na tangawizi. Wahusika wape majina ya huku huku, watu hawawezi kumlilia mtu ambaye jina lake linawavunja ulimi. Ukikwama kabisa, sema, "Subirini muone." Hiyo sentensi imenilisha miaka mingi kuliko ugali.

Na akanipa kanuni nyingine mbili ambazo ndo zilikuja kunimaliza. "Akitokea kilema," alisema, "ana kazi mbili tu. Kama ana sura nzuri, ataponywa mwishoni. Kama ana sura mbaya, karogwa au yeye ndiye mchawi. Na ukiona wanaume wawili wamekumbatiana kupita kawaida, au wanawake wawili, hao ni ndugu. Usijitafutie makubwa na wazee."

Nikazishika kama katekisimu.

Basi siku moja bosi wangu, Mzee Masanja, mwenye kibanda na mwenye ng'ombe wengi pale kijijini, akarudi kutoka mjini na flashi. "Deo, hii firamu inaenda sehemu kumi. Ni ya chombo cha angani. Tutaonyesha sehemu moja kila Jumapiri baada ya misa. Watu watarudi tu."

Kweli walirudi. Ilikuwa nzuri jamani. Dunia imeharibika, watu wamepanda chombo kikubwa kama mlima wanatafuta dunia nyingine. Nahodha nilimwita Mheshimiwa. Lile dude la chuma linalojibu kila swali kwa kuchelewa nikaliita Karani. Halafu kulikuwa na wanawake wawili. Mmoja rubani, mweusi, ana koti jekundu lenye kola ndefu, yeye haongei. Anatumia mikono tu, vidole vinakwenda kama anasuka ukili. Mwingine daktari, ana sura ya Kichina, na muda wote yuko karibu na huyu rubani.

Nikamwangalia rubani. Haongei, anapunga mikono, na wote wanamwogopa kidogo akikasirika. Nikakumbuka kanuni. Mchawi.

Nikamwangalia daktari. Anamshika rubani bega, anamrekebishia kola. Nikakumbuka kanuni. Ndugu.

Lakini ndugu tu si inapoa? Nikanogesha. "Ndugu watazamaji," nikasema, "hawa ni mapacha! Rubani ni Nyangoma, daktari ni Nyakato!" Si mnajua Wahaya wanavyowapa mapacha majina.

Sauti ikatoka benchi la nyuma, "Dijei, mbona mmoja Mchina?"

"Baba mmoja, mama tofauti."

"Mapacha wa mama tofauti?"

"We umeshafika angani?" nikamuuliza. Ukumbi ukacheka, nikajiona mfalme.

Sasa kila mara rubani akinyoosha mikono, mimi nabonyeza kile kitufe cha mwangwi, nashusha sauti: "Upepo wa kusini, simamaaa!" Watu wanashika vichwa. Sehemu ya tatu akaweka vidole mdomoni akavipeleka mbele taratibu, anamwangalia daktari. Nikatoa kubwa kuliko zote: "Ng'ombe wa wilaya nzima, kaukeniii!" Mzee Masanja mwenyewe, aliyenunua ile flashi, aliinuka akaenda kuhesabu ng'ombe wake.

Mbele kabisa, karibu na runinga mpaka unaweza kudhani anataka kuilamba, alikuwa anakaa Vero. Vero ni fundi cherehani, kibaraza chake kilitazamana na mlango wetu. Ni kiziwi tangu utotoni. Sikuzoea kuona kiziwi analipa kiingilio kuja kunisikiliza, lakini pesa haina masikio. Niliona tu kwamba anacheka wakati wengine wamenyamaza, na siku nyingine wengine wanacheka, yeye anafuta machozi. Nikasema, masikini, hajui kinachoendelea.

Hebu rudieni hiyo sentensi mnicheke vizuri.

Siku zikaenda. Vijana wa sokoni wakaanza kumfanyia Vero vidole, wakipita kibarazani kwake: "Kaukeniii!" Kwangu ilikuwa utani, nikaona kazi yangu inapendwa.

Sehemu ya saba ikafika. Chombo kimepigwa na jiwe, rubani na daktari wamefungiwa chumba kimoja, moshi. Wanaangaliana. Mimi nina maiki, nimeshaanza kusema, "Dada yangu, tukifa leo msalimie mama," na hapo hapo wakabusiana. Si busu la shavuni. Lile lenyewe.

Ukumbi mzima ukanigeukia mimi.

"Anampa hewa!" nikapayuka. "Hewa imekwisha, anampulizia!"

Wakaachana, wakacheka, wakarudia.

"Haijamtosha!"

"Dijei," yule wa nyuma akasema, "mbona aliyeishiwa hewa ndo anacheka?"

"Ni furaha ya kupona. Subirini muone."

Wakasubiri. Jumapili iliyofuata, sehemu ya nane, wakaona. Chombo kimepambwa taa, watu wote wamevaa vizuri, Mheshimiwa kasimama mbele ana kitabu, Karani kashika pete mbili, na mapacha wangu wanatembea wameshikana mikono kwenda mbele. Nawaambia wadogo zangu, jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti.

"Wanaoana!" mtu akapiga kelele. "Mapacha wanaoana!"

"Baba mmoja!" mwingine akasema. "Deo ulisema baba mmoja!"

Sasa mtu mwenye akili angesema, jamani, nimekosea. Mimi nikaona mlango mmoja tu wa kutokea, nikapita nao mbio. "Amemroga!" nikasema. "Ile mikono yote mliyoiona tangu sehemu ya kwanza, ndo ilikuwa inamfunga! Mikono ya namna hiyo ikishakufunga, humjui hata ndugu yako!"

Ukumbi ukaniamini. Niliona wakiniamini. Na niliona vichwa viwili vitatu vikigeuka taratibu kuangalia benchi la mbele, ambako Vero alikuwa amekaa analia na kutabasamu kwa pamoja, anamwonyesha jirani yake zile pete, kwa mikono. Yule jirani akasogea mbali.

Kesho yake Mama Tedi akaenda kwa Vero. Mama Tedi ni mwenyekiti wa kwaya, mama mnene, mpole, ila akiamua ameamua. Kwaya ilikuwa imempa Vero kitambaa ashone sare za kina mama wote, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Wakakichukua. Mama wawili wakabeba majora kichwani, na zile sare mbili zilizokwisha wakaziacha pale mezani kama zina ukoma. Hakuna aliyetaka kuvaa nguo iliyoshonwa na ile mikono.

Mnajua huku kwetu jina la uchawi si la kuchezea. Mtu anaanza kwa kunyimwa kushona, anaishia kuhama akiwa hai, kama ana bahati. Mimi nilijua hilo kabisa, na nililisema kwa sabufa.

Mchana huo naweka waya sawa kwenye kibanda, Vero akaingia. Ana daftari la shule. Akaandika, akanigeuzia: *Nimemuuliza Mama Tedi kwa nini wamechukua kitambaa. Ameandika neno moja: Deo. Umewaambia nini watu?*

Nikachukua kalamu. Mwandiko wangu mbaya tangu zamani, siku hiyo ulikuwa kama kuku kapita. Nikaandika: *Nilitafsiri tu filamu.*

Akaandika: *Nionyeshe ulivyotafsiri.*

Tukakaa. Mlango wazi, jua linaingia. Akashika rimoti yeye. Anaweka filamu, anasimamisha, mimi naandika nilichosema, yeye anaandika kilichosemwa. Kumbe chini kwenye picha kuna maandishi ya kila kinachosemwa! Nilikuwa nayaona miaka yote, nikidhani ni mapambo ya wenye filamu. Vero alikuwa amesoma shule ya viziwi huko mbali mpaka kidato cha nne, Kiingereza anakisoma kama mimi ninavyosoma bei ya petroli.

Tukaanza na majina. Niliandika, *Hawa ni mapacha.* Akaandika: *Walikutana ndani ya chombo. Sehemu ya kwanza, dakika ya kumi.*

Tukaenda. Rubani hakuwa mchawi. Alikuwa kiziwi kama Vero, na ile mikono ilikuwa lugha yake. Vero aliandika kwamba alama zenyewe si za hapa kwetu, anazielewa nusu, nusu anasoma. Daktari alikuwa amejifunza ile lugha usiku na mchana ili aweze kuongea naye, na hapo ndo walipopendana. Tukafika sehemu ya tatu, vidole mdomoni. Nikaandika kwa aibu: *Ng'ombe wa wilaya nzima, kaukeni.*

Vero akasimamisha. Akaandika: *Anamuuliza: umekula?*

Basi nikakaa chini kabisa, sakafuni.

Nikamuuliza kwa daftari, atapona lini? Nilikuwa bado nakumbuka kanuni ya Zakayo, nikasema labda mwishoni kuna muujiza, utanisaidia. Akajibu: *Haponi. Haumwi.*

Halafu akaniandikia kwa nini anampenda yule rubani kuliko wote. Mimi nilitegemea aseme kwa sababu ni shujaa. Akaandika: *Ni mwizi wa biskuti. Anadanganya kwenye karata. Anakasirika ovyo. Kwenye filamu zote nilizoona, kiziwi anakaa pembeni anaonewa huruma, au anakufa ili wengine wajifunze. Huyu anagombana na nahodha, anaoa, anaendesha chombo.* Akafikiri, akaongeza: *Na vijana wa sokoni walipoanza kunifanyia mikono, nilifurahi. Nilidhani wamejifunza kunisalimia. Niliwajibu.*

Wadogo zangu, mimi ni mtu wa masihara, hata msibani naficha mdomo. Siku hiyo nilizima runinga, nikavaa viatu.

Nikaenda kwa Mama Tedi jioni ile ile, nikamkuta anachambua maharage. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kusema nini, maana nimeshasikia mengi yako."

Nikamweleza yote, tangu macho mpaka mapacha. Nikamwomba arudishe kitambaa. Akaendelea kuchambua.

"Deo mwanangu, uliyasema wapi?"

"Kibandani, mama."

"Kwa sauti au kwa kunong'ona?"

"Kwa maiki."

"Basi utayafuta kwa maiki. Ukinifutia mimi peke yangu, mimi nitavaa sare peke yangu? Jumapili nitakuja. Nitakuja na kina mama wote."

Mama Tedi hajawahi kuingia kibanda umiza. Aliwahi kupita mbele akajifunika uso kwa khanga.

Nikarudi kwa Mzee Masanja, nikamwambia Jumapili nasema ukweli wote. Akaruka. "Wote? Na ire ya wanawake wawiri? Watu watasema tunafundisha nini hapa! Endelea na mapacha!"

"Mzee, sasa hivi wilaya nzima inajua kwako kuna dada wawili wameoana, baba mmoja. Kuna kibaya zaidi ya hicho?"

Akawaza. "Hakuna," akasema.

Juma zima Vero na mimi tulifanya kazi. Sehemu ya tisa na ya kumi, aliziandika zote kwenye daftari, Kiswahili kizuri kilichonyooka, jina la anayesema pembeni. Mara ya kwanza maishani nilijua filamu inaishaje kabla ya watazamaji. Inashangaza, ile hofu yote inaondoka. Jaribuni, nyie mnaotafsiri kwa kubahatisha.

Jumapili kibanda kilijaa mpaka dirishani. Kina mama wa kwaya wameshika benchi zima la pili, wamenyooka kama wako kanisani. Vero mahali pake, mbele. Nikasimama. Nilikuwa nimekunywa tangawizi kikombe kizima.

"Ndugu watazamaji," nikasema, "kabla hatujaanza, mimi Kiingereza sijui."

"Tunajua!" ukumbi ukajibu.

Nilishtuka, nawaambia ukweli. Miaka yote nilidhani ni siri.

"Sawa. Lakini kuna ambalo hamjui. Rubani si mchawi. Ni kiziwi. Ile mikono ni lugha, kama Kihangaza, kama Kisubi. Siku niliyosema ng'ombe wakauke, alikuwa anamuuliza mwenzake amekula. Nilitunga. Uchawi wote ule niliutoa tumboni kwangu, na mkamwangalia dada Vero vibaya kwa uongo wangu. Namwomba msamaha mbele yenu, na nyie mkimwona, mwombeni."

Vero alikuwa amegeuka, anaangalia midomo yangu.

Yule wa benchi la nyuma, sijui kama aliwahi kukosa siku: "Na mapacha?"

"Si mapacha. Hawana undugu wowote."

"Sasa harusi ilikuwa ya nini?"

Hapo ndo pa kutolea jasho. Ningeweza kusema ni mchezo wa kuigiza ndani ya filamu. Nilishaufikiria usiku, uongo mzuri kabisa, wa miguu minne. Nikaangalia daftari la Vero. Hakukuwa na mapacha humo.

"Wanapendana," nikasema. "Kama mke na mume. Ndivyo ilivyoandikwa, na mimi leo nasoma kilichoandikwa."

Mmoja akapiga mluzi. Mmoja akasema, "Ala!" Mzee mmoja akachukua kofia yake akatoka, na wengine wawili nyuma yake. Makelele yakaanza kupanda. Kina mama wa kwaya wakamwangalia Mama Tedi. Mama Tedi akajifunga khanga vizuri, akasema kwa ile sauti yake ya kuanzisha wimbo, "Hayo ni ya huko angani, na mimi sina nauli ya huko. Nimekuja kuona mikono. Washa."

Nikawasha.

Sehemu ya tisa nilisoma kidole kikifuata mistari ya daftari. Ya kumi tukaiunganisha hapo hapo, watu walikataa kuondoka. Chombo kinaanguka kwenye dunia mpya, mitambo ya sauti imeungua yote, ngurumo ni kubwa, hakuna anayemsikia mwenzake, Mheshimiwa anapiga kelele kwenye kioo kama samaki. Kila mtu ndani ya chombo amekuwa kiziwi, isipokuwa mmoja anayejua kuishi hivyo. Rubani kasimama nyuma ya kioo, anatoa mikono: kushoto, shusha, ngoja. Daktari anasoma mikono, anawaandikia wengine ukutani. Na katikati ya kufa na kupona, rubani kakasirika, kamtukana Mheshimiwa kwa kidole kimoja ambacho hakikuhitaji tafsiri. Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Yule mzee wa kofia alikuwa amerudi, kasimama mlangoni, anamsukuma kijana aliyemziba: "Sogea bwana, chombo kinaanguka!"

Kilipotua, watu walisimama juu ya benchi. Mama Tedi alikuwa ameshika mkono wa mwenzake mpaka mwenzake analalamika.

Baadaye alimwendea Vero. Sikusikia kitu, maana hawakusema kitu. Mama Tedi alimshika ile mikono yote miwili, akaiweka kwenye mashavu yake mwenyewe, mbele ya kina mama wote. Kisha akaniita nitafsiri, mimi nikampa kalamu. Akaandika polepole: *Kesho kitambaa kinarudi. Tunaomba kola ndefu kama ya yule mama wa chombo.* Na kwaya ile mpaka leo ina kola ambazo huwezi kuziona parokia nyingine yoyote.

Sisemi kila mtu alibadilika. Wapo walioacha kuja, na mmoja alimwambia Mzee Masanja kwamba nimeharibika. Lakini kuna mwanaume mmoja, fundi baiskeli, mkimya, alikuwa anakaa kona ya nyuma miaka yote hajawahi kuniongelesha. Nafunga mlango, akanisogelea. "Wale wawili," akasema, "mwishoni walibaki pamoja?"

"Walibaki."

"Hakuna aliyekufa?"

"Hakuna."

"Haya," akasema, akachukua baiskeli yake akaondoka. Nimekaa nikilifikiria lile "haya" kuliko sifa zote nilizopata.

Tangu siku hiyo mpaka simu zilipotuua, Vero aliandika, mimi nikasoma. Ilikuwa miaka yangu mizuri kuliko yote. Niligundua wale wenye filamu wana akili kuliko Zakayo. Kumbe mwenye mkono mmoja anaweza kuwa na mkono mmoja tu, na siku hiyo ana shida nyingine kabisa, kapoteza funguo. Kumbe wawili wakikumbatiana si lazima umtafute baba yao. Zakayo nilipomweleza alitikisa kichwa, akasema, "Deo, umeanza kufanya kazi kwa kusoma? Hiyo si kudanganya?"

Siku moja, tumemaliza kuandaa filamu, Vero anakunja daftari, swali likanijia ambalo lilikuwa linanikera muda mrefu. Nikaandika: *Ulikuwa unakuja kila Jumapili, unakaa mbele, unajua hadithi nzima, na mimi nazungumza upuuzi pembeni yako. Mbona hukuwahi kunisahihisha hata siku moja?*

Akasoma. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi kwenye mti. Akaandika, akanisukumia daftari:

*Kaka Deo, mimi ni kiziwi. Nilikuwa naona watu wanacheka mpaka wanaanguka, nikasema moyoni, huyu mtu anaijua kazi yake.*